Nyumba ya Kumi na Moja ya Fundi Ntahondi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Kasulu mjini bado giza. Yusta Ntahondi amejifungia kwenye stoo ya kibanda chake cha picha, amewasha taa nyekundu yenye mwanga usiozidi wa kaa la moto, na anapachika filamu kwenye kaseti kwa ncha za vidole. Filamu hizi hazitaki jasho, hazitaki vumbi, hazitaki haraka. Nje, honi ya pikipiki inalia kwa mara ya tatu.

"Godson! Hiyo honi nitaing'oa kwa meno!"

"Jua halimsubiri mtu, Mama Ezra," anajibu dereva wa bodaboda aliyeko nje, mwanamume wa miaka thelathini na sita ambaye amembeba mama huyu na sanduku lake kwa miaka saba sasa.

"Na filamu nazo hazimsubiri dereva. Nyamaza, watu wamelala."

Zimebaki filamu nne. Si nne za leo, ni nne za mwisho kabisa. Na imebaki nyumba moja, iko Kagerankanda, na Yusta ameshaifuata mara tatu akarudi mikono mitupu. Leo ni mara ya nne. Ukimtazama anavyofunga lile sanduku, utajua kwamba uvumilivu wake umefika ukingoni.

Mchana, mama huyu mwenye miaka hamsini na miwili ni mpiga picha wa kawaida. Anapiga pasipoti za wanafunzi, za waombaji kazi na za watumishi waliohamishiwa wilayani, kwa kamera ndogo ya dijitali na printa inayokwama kila wino ukipungua. Siku nzuri anapata shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya anapiga soga na wauza dagaa.

Kazi yake nyingine haimlipi hata senti. Anazunguka Kasulu na Kibondo akipiga picha nyumba za zamani za mbao, kwa kamera kubwa ya mbao inayokunjuka katikati kama kodiani, inayosimama juu ya stendi ya miguu mitatu, na inayotaka mpigaji ajifunike shuka jeusi kichwani ili aone kitu kwenye kioo cha nyuma. Na akishaona, nyumba yenyewe imegeuka kichwa chini miguu juu.

Kamera hiyo aliachiwa na marehemu Abbasi, mwenye studio huko Kibondo, aliyemfundisha kazi tangu akiwa msichana. Abbasi alipofariki mwaka 2009, wanawe waligawana viti, meza na redio. Kamera hakuna aliyeitaka. "Walisema inafaa kufugia kuku," anasema Yusta. Mikunjo iliyotoboka ameiziba kwa viraka vya tairi la baiskeli.

Filamu zake ni za eksirei. Hospitali moja ilipohamia kwenye mashine za kompyuta, ilikuwa na sanduku la filamu mia moja zilizopitwa na muda, zinasubiri kuchomwa moto. Yusta aliziomba. Zilikuwa na ukubwa uleule wa kamera ya Abbasi, kama vile mtu alipima. Hiyo ilikuwa mwaka 2013, na tangu hapo amekuwa akizitumia kwa ubahili wa mtu anayekula mbegu.

"Watu wananiuliza, kwa nini usipige kwa simu?" anasema, na uso unakunjamana papo hapo, kwa sababu swali hili ameulizwa hadi limemchosha. "Kwa simu napiga mara mia, sioni kitu. Kwa hii napiga mara moja, na naona hadi alama ya randa kwenye ubao."

Randa hiyo ilikuwa ya baba yake.

Mzee Ntahondi alikuwa mpasua mbao. Alichimba shimo porini, akalaza gogo la mninga juu yake, yeye akasimama juu na mwenzake chini, wakavuta msumeno tangu asubuhi hadi jioni. Baadaye akaanza kujenga nyumba zenyewe. Alijenga kumi na moja: Kibondo, Gwarama na Kasulu. Sifa yake ilipanda mwaka 1974, watu walipoamriwa kuhamia vijijini. Wenye nyumba za udongo walizitazama kwa mara ya mwisho wakaziacha. Wenye nyumba za Ntahondi walizifungua ubao kwa ubao, wakazibeba begani, wakazisimamisha upya walikopelekwa.

Alifariki mwaka 1998. Binti yake, mpiga picha, hana picha yake hata moja. Mzee alikuwa akikataa, akisema picha ni za watu waliooga.

"Sura yake nimeanza kuisahau," anasema Yusta bila kupepesa. "Mikono yake siisahau, kwa sababu naiona kwenye nyumba. Kwa hiyo nikasema, basi nitapiga nyumba. Zote kumi na moja."

Amepiga kumi. Saba kati ya hizo hazipo tena, zimeliwa na mchwa, zimeuzwa mbao, au zimepisha nyumba za tofali. Ukimwomba akuonyeshe hizo picha kumi, anakuonyesha tatu. Zile saba nyingine, ambazo wenye nyumba walimharibia kwa maandalizi, anazitoa kwenye bahasha huku akiguna.

Hii hapa nyumba ya Gwarama. Mwenyewe aliposikia mpiga picha anakuja, aliipiga plasta ya saruji juu ya mbao. Hii nyingine ya Gwarama, imepakwa chokaa hadi milango. Hii ya Kibondo huoni nyumba kabisa, unaona watu ishirini na watatu waliovaa suti na vitenge, na juu ya vichwa vyao kipande cha bati.

"Naandika barua kwa mtendaji. Nasema wazi: nakuja kupiga picha nyumba ya zamani, iacheni ilivyo. Iacheni ilivyo! Nimeipigia na mstari chini. Nafika, nakuta harufu ya rangi."

Hapo ndipo penye kiini cha mateso yake, na ni mateso ambayo mtu wa Dar es Salaam hawezi kuyaelewa. Huku nyanda za juu za Kigoma, mgeni aliyetoa taarifa akikuta uwanja haujafagiwa, aibu hiyo itazungumzwa hadi kwa wakwe. Kumwambia Muha "nakuja kwako, usiandae kitu" ni sawa na kumwambia asipumue. Anakuitikia vizuri, "ego, ego," halafu anatuma mtu dukani akanunue rangi.

Na mgeni asiyetoa taarifa? Huyo ana kesi nyingine. Mwanamke anayesimamisha miguu mitatu mbele ya kiwanja cha watu, akajifunika shuka na kuanza kupima kwa jicho, ni nani huyo kama si mthamini wa ardhi? Au mtu wa barabara aliyekuja kuweka alama ya X?

"Ukitoa taarifa, wanaandaa. Usipotoa, wanakukamata," Yusta anamwambia mwandishi. "Sasa niambie wewe uliyesoma, nifanyeje?"

Nyumba ya Kagerankanda, ya kumi na moja, ni mali ya mzee Isihaka, mkulima wa maharage na mahindi mwenye umri wa miaka sitini na tisa. Baba yake ndiye aliyeijengesha. Iko karibu na barabara, ina baraza ndefu mbele na madirisha ya mbao, na nyuma yake mzee amejenga nyumba mpya ya tofali za kuchoma ambayo familia ilihamia miaka miwili iliyopita.

Machi mwaka huu Yusta alikwenda kwa mara ya kwanza, akiwa na barua iliyopitia kwa mtendaji wa kijiji, Longinus. Alikuta mzee ameipaka nyumba nzima oili chafu ya magari ili ing'ae na mchwa wakimbie. Iling'aa kweli. Ilikuwa nyeusi tii, haina ubao wala mstari. Alikunywa uji wa watu, akashukuru, akarudi.

Juni, oili ilipopauka kidogo, alituma ujumbe tena. Alikuta baraza limefunikwa vitambaa vya kufuma, makochi yametolewa nje, familia imevaa nguo za Idi na mbuzi ameshachinjwa. Utamwambia nini mtu aliyekuchinjia mbuzi? Aliwapiga picha ya familia. Filamu mbili zikaenda hapo.

Agosti akasema potelea mbali, akaenda bila taarifa. Hakuufikia hata uwanja wa Isihaka. Longinus alimkalisha ofisini hadi saa nne, akikagua barua yake ya zamani kana kwamba ni noti bandia. Alipoachiwa, jua lilikuwa juu, mbao zimefifishwa na mwanga mkali, hakuna picha. "Ungetoa taarifa tu, mama," Longinus alimwambia kwa upole kabisa. Godson anasema siku hiyo Mama Ezra hakufungua mdomo kutoka Kagerankanda hadi Kasulu.

Ndipo akapata akili mpya.

Wiki iliyopita alituma taarifa kwamba anakuja kupiga picha nyumba mpya. Ile ya tofali. Ya zamani hakuitaja hata kidogo. Wataifagia mpya, wataipaka mpya, wataipamba mpya hadi itoe jasho, na ya zamani itabaki pembeni, imesahauliwa, jinsi ilivyo.

"Leo tunawapiga chenga," anasema Godson akifunga kamba ya sanduku.

"Leo nawaweza," anasema Yusta, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anacheka.

Ni mwendo wa saa moja na nusu. Mvua za kwanza za Oktoba zimeshanyesha, na ukungu umelala mabondeni. Yusta amekumbatia stendi kifuani. Kila safari kama hii inammalizia shilingi elfu thelathini, ambazo ni pasipoti za watu wengi, na mwanawe Ezra aliyeko Mwanza ameshamwambia kwenye simu kwamba hii ni tabia ya mtu aliyerogwa. Alimjibu kwamba aliyerogwa hachagui nyumba.

Wanapokaribia, Godson anapunguza mwendo. Halafu anapunguza zaidi.

"Mama Ezra," anasema.

"Nini?"

"Mama Ezra, usiruke, ngoja nisimamishe."

Bati za nyumba ya zamani hazipo. Kenchi ziko wazi angani. Ubavu mmoja wa nyumba umeshashuka chini, mbao zimepangwa uwanjani, na wanaume wawili wako juu wakichomoa misumari ya baraza. Mzee Isihaka anakuja mbio akiwa na tabasamu la mtu aliyemaliza kazi kubwa kabla ya mgeni kufika, au karibu kumaliza.

"Mwakeye, mama! Karibu, karibu! Mmewahi kidogo, lakini si kitu. Tumekufungulia njia!"

Yusta anashuka. Haitikii salamu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani mwake.

"Mnafanya nini?"

"Njia ya mashine yako," anasema Isihaka.

Mkewe, Tunu, anatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, na anaeleza vizuri zaidi, kwa fahari. "Si ulituambia ile Juni kwamba mashine yako inataka kurudi nyuma sana ndiyo nyumba ienee yote? Tukapima kwa hatua. Ukisimama pale barabarani, hili banda la zamani linakukinga, hupati hata dirisha la nyumba mpya. Tukasema, mgeni asihangaike."

"Nani... nani aliwaambia mvunje?"

"Wewe," anasema Tunu, kwa upole ule ule wa Longinus.

Jamani! Kuna siku mtu hana wa kumkasirikia. Yusta anageuka kwa Godson, na Godson anatazama tairi lake la mbele. Anageuka kwa wale wanaume waliopo juu, nao wanasubiri kuambiwa kama waendelee. Mwisho anaketi juu ya sanduku la kamera, anavua kilemba, anakikunja magotini.

"Mbao zinaenda wapi?" anauliza.

"Kuna seremala wa Kasulu anakuja kesho kutwa na gari. Mninga siku hizi ni dhahabu."

Yusta anasema, taratibu, akiwa anatazama chini, "Mzee Isihaka, hiyo nyumba aliijenga baba yangu."

"Baba yako nani?"

"Ntahondi."

Mzee anamtazama kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Kwa hapa, na kwa mji mzima wa Kasulu, huyu ni Mama Ezra wa picha. Hakuna aliyewahi kumuuliza ubini wake.

"Ntahondi fundi? Aliyepungukiwa kidole hiki?"

"Huyo."

Tunu anajishika kichwa. "Yoo! Mama weee!"

Na Isihaka, badala ya kusikitika kama ambavyo wengine wangesikitika, anapandwa na hasira. Sauti yake inafika barabarani.

"Machi umekunywa uji hapa! Juni umekula mbuzi wangu! Umekula mbuzi wangu, mwana wa Ntahondi, ukanyamaza? Ukafuta mdomo ukaondoka?"

"Niliogopa, mzee."

"Uliogopa nini, mbuzi?"

Anamweleza. Mwaka 2016, Kibondo, kwenye nyumba ya nne, aliwaambia wenyewe kwa furaha kwamba ile ni kazi ya mkono wa baba yake. Kesho yake akaletewa wito wa baraza la kata. Ndugu watatu walikuwa wanagombania kile kiwanja, na kila mmoja aliamini kwamba mwingine amemleta mwanamke huyu kudai fungu. Ilimchukua miezi minne kujitoa. Tangu siku hiyo aliapa hatamtaja baba yake mbele ya nyumba ya mtu.

"Nikasema nitapiga picha tu, niondoke. Basi."

"Kiwanja!" Isihaka anafoka. "Nani anadai kiwanja kwa mbao? Mimi nilizibeba hizi! Nina miaka kumi na minane, nimebeba ubavu ule pale kutoka kijiji cha zamani, kilomita tisa, na baba yako anatembea nyuma yangu ananitukana nisiuburute!" Anapumua. "Mara nne unakuja. Ungesema siku ya kwanza kwamba unautafuta mkono wa baba yako, nisingegusa hata msumari."

Baadaye Yusta alimwambia mwandishi kwamba kwa miaka kumi na miwili amewalaumu watu kwa rangi, chokaa, oili, suti na mbuzi, na kwamba pale juu ya sanduku ndipo alipoona kuwa wale watu hawakujua anatafuta nini kwa sababu hakuwaambia. Alisema hayo kwa hasira, kama mtu anayejizaba kofi.

Isihaka alikwenda kwenye mbao zilizopangwa, akaupindua ubao mmoja, akamwita.

"Njoo uone. Njoo, mwanangu."

Kwenye ncha ya ubao, mahali ambapo nyumba ikiwa imesimama hapaonekani, kulikuwa na mikato saba ya patasi, midogo, iliyonyooka. Ubao uliofuata ulikuwa na minane. Uliofuata, tisa. Ndivyo Ntahondi alivyofanya kwa kila nyumba, ili hata mtu asiyejua kusoma aweze kuifungua na kuirudisha. Ubavu wa kushoto ulikatwa mikato wima, wa kulia mikato ya kulala.

"Mimi sikuwaambia hawa vijana wavunje," anasema Isihaka. "Niliwaambia wafungue. Nyumba ya Ntahondi haivunjwi, inafunguliwa. Ndivyo alivyotufundisha. Hakuna ubao uliopasuka hapo, kagua."

Yusta alikagua. Alipiga magoti uwanjani akapitisha kidole kwenye mikato ile, ubao baada ya ubao, hadi alipofika wa kumi na nne. Miaka yote hiyo amepiga picha nyumba za baba yake na hakuwahi kuijua hiyo alama. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kilemba, halafu akageuka akawafokea wanaume waliokuwa juu washuke upesi kabla jua halijapanda na kuharibu mwanga.

Ahadi ni deni, kwa hiyo filamu ya kwanza ilikwenda kwa nyumba mpya, kama alivyokuwa ametuma taarifa. Familia ilisimama mbele yake, imenyooka, kila mtu na kiatu. Ya pili ilikwenda kwa Isihaka na Tunu wakiwa wameketi juu ya rundo la mbao, kwa sababu mzee aling'ang'ania na safari hii Yusta hakuwa na uso wa kukataa.

Ya tatu aliichukua kwa ajili yake mwenyewe. Alisimamisha stendi kwenye kona ya uwanja, mkabala na ubavu uliobaki, akajifunika shuka jeusi, akakaa humo muda mrefu hadi Godson akaanza kuangalia saa. Lenzi ya Abbasi haina kitufe. Unatoa kifuniko kwa mkono, unahesabu, unarudisha. Yusta huhesabu kwa Kiha, kwa sababu ndivyo baba yake alivyohesabu wakati wa kuvuta msumeno.

"Rimwe. Kabiri. Gatatu."

Hakuna aliyepita mbele. Hata kuku walizuiwa na Tunu kwa kanga. Alipofika nane, akarudisha kifuniko.

Jioni ya siku hiyo, stooni Kasulu, picha zilitoka. Filamu ya eksirei haioni wekundu, kwa hiyo nyumba mpya ya tofali ilitoka nyeusi kama tanuri la mkaa, na familia mbele yake inang'aa meno. "Hiyo nitaletewa malalamiko," anasema Yusta. Lakini ubavu wa zamani umetoka kila mshipa wa mninga, kila msumari, na anga tupu mahali pa bati. Ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na hawezi kuitazama kwa muda mrefu.

Seremala wa Kasulu alifika na gari siku aliyoahidi, akarudishwa na gari tupu. Alitoa maneno makali. Isihaka anasema alimjibu kwa makali zaidi.

Wiki mbili baadaye, simu iliita kibandani wakati Yusta akimpiga pasipoti mwalimu mgeni kutoka Singida. Alikuwa Isihaka, anapiga kelele kana kwamba anaita ng'ambo ya bonde. Nyumba imesimama! Wameirudisha kwa mikato, ubao kwa ubao, pembeni ya ile mpya, pasipo kumkinga mtu. Imekaa sawasawa. Na bati zile za zamani zilikuwa zimetoboka, kwa hiyo ameezeka kwa bati za msauzi, zile mpya za rangi.

"Za rangi gani?" aliuliza Yusta.

"Bluu!"

Mwalimu wa Singida anasema mama alifumba macho hivi, akashika ukingo wa meza.

"Nani kakwambia bluu, mzee? Nani?"

"Nimekuchagulia mwenyewe. Na vanishi nimeshanunua, hii wiki tunapiga."

"Usipige vanishi! Mzee wangu, nakuomba, nakupigia magoti, vanishi acha!"

Wakabishana. Muda wa maongezi wa mzee ukaisha, Yusta akampigia, wakaendelea kubishana. Mwisho vanishi ikaahirishwa. Bati la bluu halikuahirishika, liko juu tayari. Yusta anajifariji kwamba filamu yake huigeuza bluu kuwa nyeupe, kama bati kuukuu linalopigwa na jua.

Kisha akasema, kwa mazoea yake, sawa mzee, nitakutumia taarifa ya siku nitakayokuja. Hapo Isihaka alikasirika upya.

"Taarifa ya nini? Taarifa anatoa mgeni. Wewe ni mtoto wa aliyeijenga. Mtoto wa nyumba anakuja anapotaka, anatukuta tulivyo."

Yusta anasimulia hayo akiwa ameshika kaseti yenye filamu moja, ya mwisho. Mtaalamu mmoja wa eksirei wilayani Kakonko amemwambia huenda kuna sanduku jingine limesahauliwa stoo. Huenda. Hategemei.

Mpango wake ni huu: mvua ikipumzika alfajiri moja wiki ijayo, atakwenda. Hakuna barua kwa Longinus, hakuna ujumbe kwa Tunu, na Godson ameonywa kuhusu honi.

"Nitawakuta uwanja haujafagiwa," anasema. "Nguo zimeanikwa kwenye baraza, kuku wanaingia na kutoka, Tunu hajafunga hata kilemba. Hivyo hivyo walivyo, na nyumba ya baba iko katikati yao. Miaka kumi na miwili nimeomba hicho tu, jamani."